Sikuzigawa Buti Zile

Siku ya kuniaga kazini, mkuu wetu wa sasa, ambaye nadhani alikuwa hajazaliwa nilipoanza kazi katika idara ile, alisimama na glasi mkononi akawaeleza wageni kwamba mimi ndiye yule Mwafrika aliyekataa kuwagawia wawindaji buti zao kwa sababu aliogopa baridi. Watu walicheka. Mimi nilikaa na tai yangu, mikono juu ya magoti, nikangoja kicheko kiishe. Kilipoisha, keki ilikuwa imeshakatwa, na utaratibu wa shughuli haukuniachia nafasi ya kujibu. Najibu hapa, kwa Kiswahili, kwa ajili yenu vijana wa kazi ya bohari na manunuzi mlioko Märsta, Jakobsberg na kwingineko huku Uswidi, mnaopokea mizigo kila siku na kuwakabidhi watu vitu ambavyo ninyi wenyewe hamtavitumia. Vyeo na mishahara nitaviacha. Havikumpasha mtu yeyote miguu moto. Nitaeleza habari ya buti, kwa kuwa ni juu ya buti nilipochukua msimamo, na sijausogeza mpaka leo.

Kwanza niliondoe hilo la baridi. Nilizaliwa Makete, kule juu ambako mwezi wa sita na wa saba sakitu, ule umande ulioganda, hulala juu ya majani ya viazi mpaka jua lipande, nasi watoto tulikwenda shule peku tukiikanyaga hiyo hiyo. Mtu wa Dar es Salaam akija kwetu hushinda na blanketi mabegani. Nilipofika Stockholm mwishoni mwa miaka ya sitini, nikiwa mwanafunzi wa mambo ya misitu niliyepelekwa na serikali, niliikuta baridi kubwa kuliko ya kwetu, lakini mimi na baridi hatukuwa wageni. Kila Mswidi niliyekutana naye alinihurumia kwa jambo hilo kabla sijavua koti. Nilieleza, nikachoka kueleza, nikaacha. Nadhani hapo ndipo uongo ulipopata mlango wa kuingilia.

Baada ya masomo nilibaki, kwa sababu za ndoa ambazo hazihusiki hapa, nikaajiriwa katika bohari ya idara moja iliyosimamia misitu ya umma. Bohari ilikuwa chini ya ardhi, ofisi zikiwa juu yetu, na ilinuka ngozi, utomvu wa msonobari na kahawa iliyochemshwa mara nyingi mno. Mtunza bohari aliitwa Hedlund, mzaliwa wa kaskazini, mtu mfupi, mpana, mwenye vidole vinene, ambaye alikuwa mwindaji tangu ujana wake. Aligombana na kila mtu asubuhi na mapema ili, kama alivyosema mwenyewe, siku iliyobaki iwe na nafasi ya kazi. Siku yangu ya kwanza nilivaa viatu vyeusi vya ofisi nilivyovipiga rangi tangu jana yake. Aliviangalia kwa muda, kisha akaniuliza kama nimekuja kufanya kazi au kumzika mtu.

Miaka ile Waswidi walikuwa wakiiacha kwa ghafla desturi yao ya kuitana kwa vyeo na majina ya ukoo. Kila mtu sasa alikuwa "wewe" na jina la kwanza, toka mfagiaji mpaka mkurugenzi, na walijivunia sana mageuzi hayo. Mimi sikulelewa hivyo. Mtu aliyemzidi umri baba yangu mdogo siwezi kumwita kwa jina alilobatizwa kana kwamba tulichunga naye mbuzi. Tulibishana mpaka tukaafikiana: yeye ataniita wewe, nami nitamwita Bwana Hedlund. Alinung'unika wiki nzima kwamba namzeesha. Wiki ya pili nilimsikia akimsahihisha mchukuzi mmoja mlangoni kwamba humu ndani yeye ni Bwana Hedlund.

Sasa nieleze kazi yenyewe, kwa kuwa asiyeijua hawezi kuelewa ugomvi. Katika misitu ya nchi hii yupo mnyama aitwaye älg, mrefu begani kuliko farasi, mwenye pembe pana kama makoleo na pua iliyoning'inia kama ya ngamia. Hula vichwa vya misonobari michanga, na akiachwa azaane anavyotaka, msitu mpya hauoti. Kwa hiyo kila vuli, kabla ya theluji, idara yetu ilituma kikosi cha wafanyakazi wake kaskazini, bara kabisa, mahali pasipofika gari, wakakae kambini na kuwapunguza wanyama hao. Mizigo waliibeba mgongoni. Kitu kilichosahauliwa boharini hakikuwa na namna ya kuwafuata.

Uwindaji huo si wa kukimbia, na kisa chote kimesimama juu ya jambo hili. Mtu mmoja hutembea na mbwa akimtafuta mnyama. Wengine wote huwekwa mmoja mmoja kwenye vituo vyao, kando ya kinamasi au pembeni mwa njia ya wanyama, wakakaa. Hukaa tangu alfajiri, bunduki mapajani, bila kukanyagakanyaga wala kusimama kujinyoosha, kwa kuwa älg haoni vizuri sana lakini husikia mpaka kijiti kinachovunjika. Mwenye mbwa hulowa jasho. Anayekaa huganda.

Kwa sababu hiyo Bwana Hedlund alikuwa na kanuni yake moja, ambayo haikuandikwa popote: hakuna buti itakayogawiwa mpaka anayeigawa ameikalia. Hakuwa na maana ya kuivaa na kuzunguka nayo bohari. Aliiloweka kwanza katika pipa la maji, akaivaa, akaenda nayo msituni kusini mwa jiji kabla ya jua, akakaa juu ya kisiki mpaka mchana bila kusogea. Akirudi anavihisi vidole vyake, buti ilinunuliwa. Akirudi havihisi, muuzaji alipigiwa simu, na wakati wa simu hizo nilitumwa nje.

Vuli yangu ya kwanza alinichukua, akanionyesha kisiki kando ya kinamasi. "Ukiwagawia watu viatu, ujue wanakaa na nini," aliniambia. "Kaa hapo. Na usiongee nami, mimi siongei na watu wakiwa kazini." Nilikaa. Maji yalikuwa yameshaingia mishononi, mwanga ukaja polepole, na nikagundua kwamba mguu uliotulia ni kitu tofauti kabisa na mguu unaotembea. Mwenye kutembea hutengeneza joto lake mwenyewe na buti humsaidia tu kulihifadhi. Mwenye kukaa hana joto la kutengeneza. Buti ndiyo yote aliyo nayo.

Nilichojifunza pale nawaachia, kwa kuwa kinamfaa hata anayepanga mizigo katika ghala lisilo na joto karibu na uwanja wa ndege. Buti ya anayekaa iwe ya ngozi, yenye shingo ndefu, iliyopakwa mafuta ya utomvu mpaka ndani ya mshono. Iwe kubwa kuliko mguu, ili iingie soli ya sufu iliyoshindiliwa na soksi mbili za sufu, na bado vidole vipate nafasi ya kuchezacheza. Muuzaji atakuambia inakukaa vizuri. Inayokukaa vizuri dukani itakuua vidole kisikini. Ijaribu jioni, mguu ukiwa umevimba kwa shughuli za siku, na uende na soksi zako mwenyewe hata muuzaji akikutazama vibaya. Buti ya mwenye mbwa ni kinyume chake: gambuti nyepesi isiyopwaya, kwa sababu yeye joto analo, na maji yatamwingia kwa juu hata afanyeje, cha muhimu ni aweze kuyamwaga upesi na kuendelea. Ukimpa mmoja buti ya mwenzake, umewaonea wote wawili.

Soli za ndani zitolewe kila jioni zikauke. Buti isiwekwe kando ya jiko, ngozi itakakamaa na kupasuka. Soksi za akiba hubebwa kifuani, ndani ya shati, kwa maana soksi iliyolala na baridi ndani ya shanta haimwokoi mtu. Nguo ya mwilini iwe ya sufu. Pamba ikishalowa jasho haikujui tena. Shanta nzuri ni ile iliyoungwa na kigoda cha kukunja, na juu ya kigoda utandike kipande cha ngozi yenye manyoya. Shoka na kamba vikabidhiwe wawili wawili, kwa kuwa älg aliyeanguka katikati ya kinamasi ni kazi ya mchana mzima. Kofia iwe na utepe mwekundu, ili wenzako wakuone wasikupige risasi. Bwana Hedlund hakuukubali utepe huo. Alishikilia kwamba unamfukuza mnyama, kama alivyoshikilia kwamba kahawa iliyotiwa katika chupa ya plastiki huozesha meno, na katika mambo yote mawili alikosea. Nalisema hili ili mjue kwamba sikumfuata mzee yule nikiwa nimefumba macho.

Katikati ya miaka ya sabini tulipata mkurugenzi mpya wa vifaa, Bwana Rune Ekvall, aliyetokea kwenye kazi za mbao. Nataka kumtendea haki, kwa kuwa wanaosimulia kisa hiki siku hizi humfanya mjinga, naye hakuwa mjinga. Alikuwa mchapakazi, aliwahi kazini kabla yetu, na hakumdharau mtu kwa rangi yake. Tena alikuwa amewahi kukaa kando ya kitanda cha mkata miti aliyepondwa vidole na gogo, akaapa kwamba chini ya uongozi wake jambo hilo halitatokea. Akaagiza aina moja ya buti kwa idara nzima: mpira mzito, na kofia ya chuma ndani ya pua, juu ya vidole. Kwa wakata miti zilikuwa buti njema. Niliwagawia mwenyewe, kwa moyo mkunjufu, na kuna watu wanaotembea vizuri leo kwa sababu yake. Kisha akaagiza kwamba wawindaji nao wapewe hizo hizo, na buti za ngozi zisinunuliwe tena.

Za wawindaji zilifika vuli, siku chache kabla ya kikosi kuondoka. Niliingiza mkono ndani ya moja. Chuma kilikuwa kimeibana pua ya buti kiasi kwamba soksi ya pili haikuwa na mahali pa kwenda. Bwana Hedlund aliichukua, akaitazama ndani kama mtu anayetazama kisima, akaenda kulijaza pipa maji. Kesho yake tulizikalia, mimi na yeye. Tuliporudi alinitaka nitembee toka mlangoni mpaka dirishani, nami nikamtaka afanye vivyo hivyo, na sote wawili tulitembea kama watu waliopanda juu ya vigogo. Nikafunga tai, nikapanda juu kwa mkurugenzi.

"Kaa, kaa," alisema. "Na niite Rune."

"Bwana Mkurugenzi," nilimwambia, "buti hizi haziwafai watu wanaokaa."

Alitabasamu, wala si kwa ubaya. Akasema nimetoka nchi ya joto, si ajabu kwamba naisikia baridi. Nikamjibu kwamba Bwana Hedlund ametoka kaskazini, naye ameisikia pia. Akasema Hedlund hapendi kitu chochote kilichotengenezwa baada ya vita vya pili vya dunia. Hilo sikuweza kulibisha. Nikamweleza kanuni ya bohari, kwamba anayegawa sharti awe amekalia, na kwamba kwa kuwa yeye ndiye aliyezichagua, namwomba azikalie. Alikubali hapo hapo. Jambo hilo pia wasimuliaji wa siku hizi huliacha.

Aliyetupeleka msituni alikuwa Otieno, dereva wa lori la idara, Mkenya wa Kisumu aliyekuja nchi hii kusomea injini akabaki nazo. Yeye aliniita "Ndugu", kwa kuikejeli Tanzania ya wakati ule, ambako kila mtu alikuwa ndugu kwa amri. Tulipokuwa tukilipasha lori moto, wengine hawajafika, alinisogelea akaongea kwa sauti ya chini, ingawa hakukuwa na mtu wa kutuelewa.

"Ndugu, hii ofisi si ya baba yako. Huyo ndiye mkubwa. Akisema viatu ni vizuri, wewe sema ni vizuri, tupeleke watu, turudi, maisha iendelee."

"Zikiwa nzuri atasema mwenyewe. Atakuwa amekaa nazo."

"Na akidanganya?"

Nilipanda lorini. Kanuni ya Bwana Hedlund ilikuwa imetungwa kwa ajili ya watu waliotaka kujua.

Asubuhi ile sakitu ilikuwa imetanda juu ya nyasi zote za kinamasi. Nami nilivaa zile zile za chuma, zilizoloweshwa katika pipa lile lile, ili isije ikasemwa baadaye kwamba nilimwonea mtu nikiwa na miguu mikavu. Tulikaa juu ya visiki viwili, tukitazamana kwa mbali. Nilitegemea kwamba atasimama. Mtu asiyezoea husimama mapema, akajidai anaangalia ndege. Bwana Ekvall hakusimama. Alikaa wima, mikono mapajani, kana kwamba älg alikuwa karibu kutoka. Nilivihisi vidole vyangu vikiwasha, kisha vikiuma, kisha sikuvihisi, na nikajua kwamba vyake vinapita njia hiyo hiyo, wala uso wake haukuonyesha chochote. Bwana Hedlund, aliyekuwa amebaki nyuma kwenye lori kwa sababu ya mgongo wake, alikuja mchana kutuita. Mkurugenzi alinyanyuka, akaushika msonobari kwa mkono mmoja, akasimama hivyo kidogo.

"Ziko sawa," alisema. "Baridi kidogo, kama ilivyotarajiwa."

Otieno alinitazama. Kwa kanuni yetu wenyewe, aliyekalia alikuwa amesema, na neno lake lilitosha. Bwana Hedlund hakubishana. Alimwomba mkurugenzi akae tena, akapiga magoti mbele yake kwenye nyasi zenye sakitu, jambo ambalo mgongo wake ulilikataa kwa sauti tuliyoisikia sote, akamvua buti ya kulia na soksi. Mguu ulikuwa mweupe kama mshumaa.

"Tazama juu, kule mtini," alimwambia. "Ninashika kidole kipi?"

Bwana Ekvall alitazama juu. "Gumba."

Bwana Hedlund alikuwa amekishika kile kidogo cha mwisho, na alikuwa akikibinya.

"Na sasa?"

"Sasa umekiachia."

Hakuwa amekiachia. Hakuna aliyecheka, na nataka hilo liandikwe, kwa kuwa siku hizi kisa hiki kinasimuliwa kama kichekesho. Mkurugenzi aliteremsha macho, akaona mkono wa mzee ulipo, akakaa akiutazama. Kisha akachukua soksi, akaivaa mwenyewe, akaivaa na buti.

Lori lilitembea mpaka tukaanza kuona maghorofa. Hapo mkurugenzi akasema, akitazama mbele, kwamba yeye si mwindaji, na miguu ya wale imezoea. Akasema ganzi huisha jioni kando ya jiko, lakini kidole kilichopondwa hakirudi, na yeye alikiona kwa macho yake, sisi hatukukiona. Agizo lilibaki kama lilivyo. Nilimsikiliza mpaka mwisho. Haikuwa hoja ya kipumbavu. Ilikuwa hoja ya mtu aliyeona ajali moja kwa karibu mno, ikamziba asione nyingine.

Asubuhi ya kugawa, wawindaji walipanga foleni mbele ya dirisha la bohari. Maboksi yalikuwa nyuma yangu. Nilisimama na mikono nyuma, na foleni haikusogea. Mtu akakimbia juu, na Bwana Ekvall akashuka. Aliniuliza kwa nini sijafungua. Nikamwambia nimefungua tangu alfajiri, nikautoa ufunguo mfukoni, nikauweka juu ya meza kati yetu.

"Basi wagawie."

"Ufunguo ni mali ya idara, Bwana Mkurugenzi, na nimeurudisha. Mikono ni yangu. Sitagawa."

"Unaelewa unachokisema, mbele ya watu wote hawa?"

"Naelewa. Mimi nimekaa nazo. Nawe umekaa nazo."

Foleni nzima ilitutazama. Nilidhani atanifukuza pale pale, na mke wangu nyumbani alikuwa mjamzito, na kibali changu cha kazi kilikuwa na jina la idara ile. Nilisimama na hayo yote kichwani na sikuutoa mkono nyuma. Bwana Ekvall alilizunguka dirisha, akaingia ndani, akaanza kugawa mwenyewe, akisoma namba za miguu moja baada ya nyingine, akiegemea upande wa kushoto kuupumzisha ule mguu wa kulia. Bwana Hedlund alivua koti lake la bohari, akalitundika kwenye msumari wake, akatangaza kwamba mwaka huo haendi kuwinda. Tangu ujana wake hakuwahi kukosa. Otieno alikuwa akibeba maboksi kwenda kwenye lori, kwa kuwa alikuwa na watoto watatu na hakuna aliyemlaumu. Aliponipita alisema bila kugeuka, "Ndugu, wewe ni kichwa ngumu. Lakini leo sikucheki."

Wengi wa wawindaji walizipokea buti za chuma, wakasema asante, wakaficha zao za zamani chini ya shanta. Mmoja, mpima miti wa makamo aitwaye Nyström, alikuwa ameshazitupa zake akitegemea mpya za idara, kama mfanyakazi yeyote mwaminifu anavyostahili kutegemea. Kaskazini walikuta theluji imetangulia. Alirudi na vidole viwili vyeusi, na kimoja daktari alikikata.

Bwana Ekvall alikwenda hospitali, akakaa kando ya kitanda kile kama alivyokaa kando ya kile cha kwanza. Aliporudi alizifuta buti za chuma kwa wawindaji na kurudisha za ngozi. Wiki hiyo hiyo alinihamisha toka bohari kunipeleka juu, kwenye ununuzi wa mapazia na viti vya ofisi, kwa maelezo kwamba mtumishi aliyekataa agizo mbele ya foleni hawezi kubaki dirishani. Yote mawili aliyafanya waziwazi, bila kumtuma mtu. Hakusema kwamba nilikuwa sahihi, nami sikumwomba aseme. Siku ya kunikabidhi kazi mpya aliniuliza kama jambo lile likitokea tena ningefanya vile vile. Nilimjibu kwamba ningefanya mapema zaidi, kabla watu hawajapanga foleni.

"Ndivyo nilivyodhani," alisema, akanionyesha meza yangu.

Nilinunua mapazia na viti miaka yote iliyobaki. Pazia halikati kidole cha mtu. Viti nilivikalia vyote kabla ya kuvinunua, nusu siku kila kimoja, na wauzaji walijifunza kunitengea chumba. Bwana Hedlund alistaafu, na mpaka alipofariki nilimwita hivyo hivyo, Bwana Hedlund, hata mbele ya jeneza lake. Walioshuhudia walistaafu mmoja mmoja, wakahama, wakanyamaza. Kisa kikabaki mikononi mwa wasiokuwapo. Mwanzoni nilikuwa yule aliyegoma. Baadaye nikawa yule aliyegoma kwa sababu ya baridi. Sasa ni Mwafrika aliyeogopa, na watu wanakula keki.

Siku ile ya kuniaga walinipa na zawadi, ndani ya boksi lililofungwa utepe. Zilikuwa buti za chuma, jozi ambayo mtu aliifukua mwisho kabisa wa bohari, wakazipaka rangi ya dhahabu ili zichekeshe zaidi. Nilishukuru, kwa kuwa hivyo ndivyo mtu anavyopokea zawadi, nikazipakata ndani ya treni ya Saltsjöbanan mpaka Fisksätra ninakoishi. Binti yangu alizikuta mlangoni, akaniuliza kwa Kiswidi kama azitupe. Nikamwambia kwa Kiswahili asiziguse. Ilinichukua siku mbili kuzibandua rangi ile kwa kisu na mafuta ya taa, na chini yake mpira bado ni mzima. Zilitengenezwa vizuri; sikuwahi kusema vinginevyo.

Ziko barazani kwangu hivi sasa, ndani ya ndoo ya maji. Nyuma ya nyumba zetu kuna msitu, na ndani ya msitu kuna kinamasi kidogo, na nimeshachagua visiki viwili, kwa kuwa sitamwacha mtu akae peke yake. Mkuu wetu wa sasa anakaribishwa, na kila aliyecheka pamoja naye, asubuhi yoyote ya vuli atakayopenda. Kahawa nitaleta mimi. Mchana nitapiga magoti mbele yake, nitamvua buti na soksi, yeye atatazama juu mtini, nami nitashika kidole kimoja na kumwuliza ni kipi.